Picha ya Mtoto wa Wifi Yangu Niliichoma Mimi

Ile picha haikuliwa na panya, wala hakuiunguza binti yangu kama nilivyosema siku ile mbele ya watu wazima. Niliichoma mimi, na nilikuwa na akili zangu timamu. Nimekaa na jambo hili mpaka limenizeesha, na leo nalitoa, mnihukumu mnavyotaka.

Jina langu msilitafute. Na ya wenzangu nimeyabadilisha.

Mi ni mtu wa Gitega, mtaa wa Waswahili, na kazi yangu ni kuchora. Nachora maua kwenye mashuka na vitambaa vya meza kwa penseli, halafu wanawake wanatarizi juu ya mchoro wangu. Mama yangu ndiye alinifundisha. Unakunja shuka upate katikati yake, unazungushia mdomo wa kikombe upate duara, kisha unayafungua maua kutoka hapo. Kwenye pembe unaweka tausi. Hata vita vilipokuwa vimepamba moto watu walioana, na hapakuwa na bibi harusi mtaani kwetu aliyelala juu ya shuka ambalo sikulichora mimi. Nilipopita njiani wanawake walisema, "Mama Mwajuma huyo, fundi." Nilipenda kusikia hivyo. Nilipenda kupita kiasi.

Basi vita vikafika Muyinga, kule kaskazini, na wifi yangu Zaituni, dada ya mume wangu, akaja kwetu. Alikuwa ameolewa kule Giteranyi, ana mume na mtoto mmoja wa kiume, Issa. Walipokimbia mume aliuawa. Mtoto alishikwa na homa katika mabonde waliyokuwa wamejificha, akafia mgongoni mwa mama yake. Zaituni aliingia uani kwetu kwa miguu, na kitambaa cha kubebea mtoto bado kimefungwa kifuani.

Nilimpokea vizuri, sitajisingizia ubaya ambao sikuwa nao. Nilimpa nguo zangu, nikamtandikia kitanda katika chumba cha binti yangu. Alikaa majuma mengi bila kusema neno zaidi ya "Asante, wifi."

Siku moja nikamkuta uani amechukua kipande cha mkaa kwenye mbabula, lile jiko letu la makaa, anachora kwenye mfuko wa saruji uliochanwa. Nikachungulia. Alikuwa anamchora jirani yetu fundi cherehani, amekaa kizingitini pake. Alimtoa mpaka ule uchovu wa mabega yake. Hakuwa ameanza na macho wala pua. Alianza na kivuli, akakizungukia kivuli, mtu akatokea mwenyewe.

"Nani alikufundisha?" nikamuuliza.

"Hakuna, wifi. Nilikuwa nachunga mbuzi, mi naangalia tu."

Mimi nilifundishwa na mama yangu kwa fimbo ya vidoleni. Yeye aliangalia mbuzi tu. Pale pale kitu kikanichoma hapa kifuani, nikakiita uchovu.

Kilichoniumiza kwanza si wateja. Ni Mwajuma, binti yangu. Alikuwa msichana mdogo wa shule, na nilikuwa nimeanza kumfundisha maua ya duara, lakini kila nikigeuka anasinzia. Zaituni alipofika, usingizi ule ukaisha. Alasiri nzima wamekaa uani vichwa vimegusana. Karatasi zilikuwa adimu wakati ule, nchi imefungiwa mipaka, hata daftari la shule lilipatikana kwa tabu. Basi mtoto akawa anaokota kila kipande njiani, mifuko ya sukari, makaratasi ya sabuni, anayanyoosha kwa kiganja na kuyaweka chini ya godoro kama watu wanavyoficha dhahabu.

Nilimsikia shangazi yake akimwambia, "Usichore kikombe unachokijua. Chora hiki. Angalia mpaka ukione."

Siku moja Mwajuma akaniletea jani alilolichora. Pembeni lilikuwa limeliwa na mdudu, na ungedhani mdudu ndiyo kwanza ameondoka.

"Mama, mbona maua yako yote ni yale yale?"

Hakuwa na ubaya, aliuliza kama mtoto anavyouliza. Nikampiga kofi, nikasema ni kwa sababu hajaosha vyombo.

Kisha akaja mama mmoja wa mtaani kutaka shuka la binti yake. Nilimtandazia michoro yangu. Yeye macho yake yakaenda kwenye kitambaa kilichotundikwa kambani, ambacho Zaituni alikuwa amekichorea mihogo na maharage yanayopanda mti, vitu vya shambani tu.

"Hii ni ya nani?"

Zaituni akajificha nyuma ya mlango. "Ni mchezo tu, mama. Fundi ni wifi."

"Mi nataka hii," mama yule akasema.

Nilicheka pamoja naye. Nikamkaribisha chai.

Kuanzia hapo nikaanza kumtafutia kosa. Alichora nyuso za watu, na kwetu Waislamu jambo hilo lina maneno. Nikalishika hilo. Nikamwambia mume wangu kwamba malaika hawaingii nyumba yenye sura za viumbe, ndiyo maana nyumba yetu haina baraka. Akakuna kichwa. Mama mkwe wangu, mama yake Zaituni, alikuwa amelala kwenye mkeka tukidhani hasikii. Akasema, "Na wale tausi unaowaweka kwenye mashuka ya watu, wao hawana roho?"

Sikukoma. Nikaenda kwa mwalimu wa madrasa. Yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Anamchora nani sana?"

"Mtoto wake aliyekufa."

Akasema, "Msitundike mahali pa kuswalia. Mengine, mama, mwacheni mfiwa."

Nyumbani niliporudi sikusema nilikotoka.

Ni kweli, Zaituni alimchora Issa kila siku. Hakuwa na fotografia hata moja, nyumba yao iliteketea na kila kilichokuwamo. Alichora, akatazama, akasema "Si yeye," akafuta kwa kitambaa. Wakati mwingine alikaa akijipapasa mgongo, kana kwamba mgongo unakumbuka zaidi ya macho. Nilimwonea huruma, na huruma ile haikuuondoa wivu. Sikujua kwamba vitu viwili hivyo vinaweza kulala kitanda kimoja.

Halafu alasiri moja hakusema "Si yeye." Aliweka mkaa chini. Akamwita mama yake. Bibi akaletwa akishikwa mkono, akaisogeza karatasi karibu na uso, maana macho yake yalikuwa yamefifia, akaitazama muda mrefu.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyu. Hata anavyotaka kucheka halafu anaona haya."

Wakalia wote wawili. Mume wangu naye akageukia ukuta. Mwajuma akamkumbatia shangazi yake kiunoni. Majirani wakaja kuangalia, na kila aliyetoka alisema kitu kile kile, kwamba hajawahi kuona mkono kama ule. Maisha yangu yote ya kuchora, hakuna mtu aliyewahi kulia mbele ya mchoro wangu.

Hilo ndilo lililonishinda. Mtoto wa watu amekufa, na mimi naona wivu.

Ijumaa iliyofuata wanaume walikuwa msikitini. Zaituni alikwenda bombani kuchota maji, bibi amesinzia. Picha ilikuwa ndani ya sanduku lake, imefunikwa kwa kile kitambaa alichombebea mtoto. Niliitoa. Niliitazama. Sitasema uongo, ilikuwa nzuri. Ningeweza kuirudisha. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kuirudisha.

Nikaikunja, nikaiweka chini ya makaa ya mbabula, nikapiga kiberiti.

Nilipoinua kichwa, Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia jiko, akaniangalia mimi, akarudi nyuma taratibu mpaka akatoka uani.

Jioni Zaituni alifungua sanduku lake. Sikumbuki alichosema, nakumbuka sauti tu. Mume wangu akatuita wote. "Iko wapi ile karatasi? Nani ameigusa?"

Na mimi, mama mzazi, nikasema, "Muulize mwanao. Nimemkuta anawashia jiko kwa makaratasi."

Mwajuma akanitazama. Nilidhani atasema. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumkanusha. Akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, shangazi."

Baba yake alimchapa. Na aliyeingia katikati ya fimbo hakuwa mimi. Ni Zaituni, alimfunika yule mtoto kwa mwili wake akisema, "Kaka, inatosha. Mwache, kaka. Ni karatasi tu."

Nilisimama pale. Nilisimama tu.

Zaituni akajaribu tena kuchora, siku nyingi. Haikuja. Siku moja nikamsikia akimwambia mama yake, "Sasa nikifumba macho naiona ile karatasi, mtoto mwenyewe simwoni." Baada ya hapo hakushika mkaa tena. Mwajuma naye akatoa makaratasi yote chini ya godoro, akayapeleka jikoni akayaweka karibu yangu. "Ya kuwashia, mama," akasema. Mpaka leo hajachora.

Mnaweza kudhani nilifurahi kuwa fundi peke yangu tena. Wateja walirudi. Nilichora duara zangu, nikaweka tausi wangu, na kila nilipomaliza nilijikuta naangalia mlangoni.

Mama mkwe akafa kabla vita havijaisha. Siku zake za mwisho alikuwa akimwuliza Zaituni, "Umeshampata tena?" na Zaituni anajibu, "Bado, mama." Mi ndiye nilikuwa namlisha uji bibi yule.

Njia za kaskazini zilipotulia, Zaituni alirudi Giteranyi kwenye shamba la marehemu mumewe. Mwajuma alikuwa amekuwa msichana mkubwa. Akaomba kumfuata. Baba yake akashangaa, "Unataka kwenda kulima, na hapa mjini una shule?" Akajibu, "Shangazi yuko peke yake, baba. Nitamsaidia." Alifunga mizigo yake bila kuniangalia. Alikuwa akienda kulipa deni langu, na sikumzuia.

Miaka ikapita. Alikuja kwa nadra, kwenye Idi au msiba, akakaa kwa adabu kama mgeni anayeogopa kuchafua kiti. Aliolewa huko huko, na shuka la harusi yake hakuniomba mimi. Mume wangu alifariki akiamini kwamba binti yake ndiye aliyeichoma picha ya Issa. Hilo siwezi kulirekebisha tena mahali popote.

Baada ya arobaini yake nikashindwa kuvumilia. Nikapanda gari mpaka Muyinga mjini, nikachukua baiskeli ya abiria mpaka Giteranyi. Nilimkuta Zaituni anapepeta maharage. Ameota mvi. Akanifutia kigoda kwa kanga yake.

"Karibu, wifi. Mbona hukutuma habari, tungekupokea njiani."

Sikukaa. Nikasema yote nikiwa nimesimama, kwa kuogopa kwamba nikikaa nitaomba chai na kuzungumzia mvua. Nilisema wivu, nikasema kiberiti, nikasema Mwajuma.

Aliendelea kupepeta kidogo, kisha akaweka ungo chini.

"Nilijua siku ile ile, wifi."

"Ulijuaje?"

"Mtoto aliyekuwa anaokota karatasi za sabuni kwenye matope, huyo awashie moto kwa picha?" Akatikisa kichwa. "Hapana."

"Na hukusema kitu."

"Ningesema nini? Nilikuwa nakula kwako. Mama yangu alikuwa analala kwako. Ningekuaibisha, tungekwenda wapi, na nje ni risasi?"

Nikamuuliza kama aliwahi kuzungumza na Mwajuma. Akasema hakumuuliza hata mara moja. Hakutaka kumlazimisha mtoto achague kati ya kudanganya na kumvua nguo mama yake.

Mwajuma akatoka shambani na mtoto wake mgongoni. Akanisalimia, "Shikamoo, mama." Nikarudia maneno yote mbele yake, safari hii nimepiga magoti juu ya maganda ya maharage. Alinisikiliza akimtikisa mwanawe alale.

Nilipomaliza akasema, "Mi niliogopa baba angekuacha. Nikasema, bon, sawa, nichapwe mimi, itapita." Akakaza kitambaa kilichomshika mwanawe. "Halafu nikakungoja useme, mama. Kila ukija kwenye mlango nadhani unakuja kusema. Nilingoja mpaka nikachoka, ndipo nikaja huku."

Nikamuuliza kama amenisamehe. Akasema nimpe muda. Zaituni alisema amenisamehe zamani, kwa ajili ya Mungu, lakini nilipomwomba ajaribu kumchora Issa tena, nikamwambia nimemletea karatasi nzuri na penseli kutoka Gitega, alizirudisha mikononi mwangu kwa upole. "Amekwenda, wifi. Usinitume kumtafuta tena."

Nilirudi nazo.

Dada zangu, na ndugu zangu wanaume pia, wivu hauji na sura ya wivu. Kwangu ulikuja na sura ya dini, na ya mama anayetaka adabu nyumbani kwake, na nikauamini. Ukiona unamtafutia kosa mtu ambaye kosa lake ni kuwa na mkono mzuri kuliko wako, simama hapo hapo ulipo. Kama yuko nyumbani mwako, vuta mkeka ukae karibu naye, umtazame anavyofanya, umwombe akufundishe hata kama ni mdogo kwako. Mi nilikuwa na nafasi hiyo kila alasiri, na pa kukaa palikuwapo, kwenye mkeka ule ule, pembeni ya binti yangu. Sasa nachora peke yangu, na nikimaliza hakuna wa kumwonyesha.