Nilimpa Binti Yangu Vidonge Ili Anyamaze

Kosa hili ni langu, sitamsingizia mtu. Mke wangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nyumbani hakukuwa na wa kunizuia.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu, nilifungua duka la dawa Kizota. Elimu yangu ni kidato cha nne tu, lakini mtaa mzima uliniita daktari, nami nikaitika.

Binti yangu alirudi kutoka kwa mumewe huko Kongwa baada ya mtoto kumfia tumboni. Hali chakula, hachani nywele, mchana kutwa analia chumba cha nyuma ya duka. Nikampeleka hospitali. Mganga akasema ni sonona, akamwandikia vidonge. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akanivuta pembeni.

"Baba, dawa zitamsaidia, ila kila Alhamisi mlete tukae naye, aongee. Huyu ana jambo."

Alhamisi ya kwanza alikwenda. Ya pili nikakataa. Niliona aibu siri za nyumba yangu kumwagwa mbele ya mtu baki. Isitoshe, vidonge nilikuwa navyo dukani.

Akilia, namwongezea. Mteja akiuliza nani analia huko ndani, namwongezea tena.

Siku moja alinishika mkono. "Baba, sitaki kulala. Nataka kusema."

"Useme nini kipya? Wewe ndiye wa kwanza kufiwa na mtoto? Meza."

Akameza.

Baada ya miezi miwili alikuwa anakaa tu pale unapomweka, kama gunia. Mumewe alipokuja kumchukua, nilijisifu: "Mkeo nimekuponyea." Nikawafungia na kopo la vidonge. Binti akamfuata mumewe.

Mimba ya pili nayo ikaharibika. Safari hii hospitali walimtoa na kizazi. Yule muuguzi ndiye aliyenieleza, kwa ruhusa ya binti mwenyewe: mumewe alimpiga mateke ya tumbo, mara zote mbili. Mateke ya kwanza ndiyo aliyotaka kuniambia.

Sasa anaishi Miyuji, peke yake. Nikienda ananipa shikamoo na kiti, kisha anaingia ndani mpaka niondoke. Nilipomwomba msamaha alijibu, "Baba, zile dawa ungemeza wewe. Kelele zilikuwa zinakusumbua wewe."

Wazazi wenzangu, vidonge havina kosa, na mganga hakukosea kuviandika. Msivitumie kumziba mtu mdomo. Mwanao akisema ana neno, funga duka umsikilize. Mimi siku hizi nina muda wote wa kusikiliza, na yeye hana la kuniambia.