Bi Time asimamia kitanda cha Chiku

Leo jirani asiyetaka kumwona mbwa wangu ndiye aliyenifundisha kumjengea.

Mimi mwalimu, mtu wa Dodoma, nakaa huku kisiwani, mtaa wa Tibirinzi. Chiku wangu alikuwa wa kuzaa leo au kesho. Mara ya mwisho aliwalalia watoto wawili wakafa, kwa hiyo asubuhi nikaanza kugongomea sanduku la mbao za kuokoteza.

Bi Time akaja kusimama nyuma ya ua. Kwa kawaida Chiku akipita, yeye hukusanya kanga zake akaingia ndani.

"Mwalimu, nini hicho?"

"Kitanda cha mzazi, Bi Time."

Akalikagua sanduku kwa macho. Nikajua leo nasemwa.

"Zungushia ubao kwa ndani, juu kidogo ya sakafu. Mama akijiegemeza, watoto wapate pa kupenya. Mie nimezalisha mbuzi miaka, we waniona hivi."

Nikazungushia. Akanipunguzisha na kizingiti, eti mzazi asikwaruze matiti. Alisimamia mpaka msumari wa mwisho, na ua hakuuvuka.

Saa tisa alasiri Chiku akazaa sita. Akajinyoosha kwa uzito wake wote, na mmoja mweusi akabaki chini ya ule ubao, mzima, anatafuta titi.



Nikaenda kumshukuru Bi Time.

"Usiniletee hapa hata mmoja," akasema. "Ila huyo mweusi usimpe mtu. Kaka yangu Pujini, kima wanammalizia mihogo, ataka mbwa wa kulinda shamba. Na asiitwe jina la binadamu."

Haya, leteni majina.