Mngurumo wa Chini ya Kinanda

Mimi ni kinyozi, lakini ukiniuliza kazi yangu nitakwambia ni mshauri wa muziki. Wimbo mpya wa dansi ukitoka asubuhi, mchana unapigwa kwenye spika yangu, na mteja aliyenikabidhi kichwa chake hana pa kukimbilia.

Juzi nilimkalia kooni mpwa wangu, binti wa dada. "Usikilize huu! Chini ya kinanda kuna mngurumo mzito, unaingia sikioni hadi mgongoni. Watoto wa siku hizi hamna masikio!"

Akaenda kuusikiliza nyumbani. Kesho yake akarudi, mikono kiunoni. "Mjomba, mngurumo gani? Mimi nasikia kinanda tu, na msichana analalamika."

"Simu yako mbovu," nikamjibu kwa dharau. "Kaa hapo usikie spika ya mwanamume."

Nikauweka wimbo, nikarudi kumnyoa mzee mmoja, mteja wangu wa siku zote. "Huo! Umeusikia?" Nikafumba macho kwa raha, jambo ambalo kinyozi mwenye akili timamu halifanyi.

Mpwa wangu akasogea karibu. Aliinama ukutani, akachomoa waya wa mashine ya kunyolea.

Mngurumo ukakatika papo hapo. Kikabaki kinanda tu, na msichana analalamika.

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee, nusu ya kichwa bado ina nywele, akamgeukia mpwa wangu kwa upole.

"Rudisha huo waya, mjukuu wangu. Wimbo umepooza."