Shangazi na Ukurasa wa Boti za Kasanga

Shangazi yangu aliweza kupiga chapa huku akikutazama usoni na kukuuliza habari za nyumbani. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi moja ya serikali hapa Sumbawanga tangu usichana wake, na barua zake hazikuwa na alama ya kufutwa hata mahali pamoja. Ulipofika wakati wa kupunguza watumishi, ofisi ilibakiza wapiga chapa wawili kati ya saba, na yeye hakuwa mmojawapo. Alirudi nyumbani na taipureta yake, waliyomruhusu kuinunua, akaiweka mezani na kukaa siku tatu bila kuifunua. Siku ya nne alipanga chumba mtaa wa Katandala, karibu na shule, akaanza kuwachapia watu barua za maombi ya kazi.

Nilimkuta hapo niliporudi kutoka Mbeya na cheti changu cha kompyuta. Kufikia wakati huo alikuwa amepata kompyuta moja iliyokwisha kutumika, na mlangoni pameandikwa kwa rangi ya bluu: Stesheneri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniambia niketi kwenye kiti chake.

"Wewe ndiye mtaalamu sasa," alisema, bila mzaha wowote.

Niliamini.

Mwaka wetu wa pili pamoja alikuja mzee mmoja, wakala wa mizigo kwenye bandari ya Kasanga, ziwani. Kazi yake ilikuwa kupakia mahindi, sabuni na saruji kwenye boti za kwenda Zambia na Kongo. Alikuwa ametoka Dar es Salaam, ambako mwanawe alimwonyesha ukurasa wa kampuni moja ya meli kwenye intaneti, na tangu hapo hakuwa na raha.

"Nataka wa kwangu," alisema. "Siku za boti, zinakokwenda, mizigo ninayochukua, na namba ya simu. Mtu akiwa Mpulungu, upande wa Zambia, auone. Mnaweza?"

Nilikuwa nafungua mdomo niseme tutaulizia kwanza. Shangazi akawahi. "Tunaweza."

Mzee alipoondoka nilimgeukia. "Shangazi, sisi hatujui kutengeneza tovuti."

"Sikusema tunajua. Nimesema tunaweza."

Mzee angerudi baada ya mwezi. Kwa hiyo tulikuwa na mwezi mmoja, kompyuta moja, na njia mbili za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa programu niliyokuja nayo kutoka chuoni kwenye sidii. Hiyo ilikuonyesha ukurasa kama utakavyoonekana. Ukitaka picha hapa, unaiburuta kwa mausi unaiweka hapa. Ya pili ilikuwa kuandika mwenyewe kwa HTML, maandishi matupu yenye alama zinazoiambia kompyuta neno gani liwe kubwa na jedwali lianzie wapi. Kuhusu hiyo ya pili nilikuwa na kurasa kumi na tano tu za vivuli vya fotokopi, alizotugawia mwalimu mmoja chuoni. Sikuwahi kuzisoma.

Kwangu hapakuwa na la kufikiria. "Tujifunze ya kuburuta," nilisema. "Hii nyingine ni ya vijana waliosoma hesabu. Kwa umri wako, Shangazi, utajichosha bure."

Alinitazama kidogo. Nilijua nimekosa, lakini sikuomba radhi.

"Basi tengeneza ratiba ya boti kwa hiyo yako," alisema. "Mimi nitatengeneza hiyo hiyo kwa hii nyingine. Halafu tutachagua."

Niliimaliza kazi yangu alasiri moja. Ilipendeza. Kichwa cha habari kilikuwa cha bluu ya ziwa, na juu yake nilichora boti iliyokuwa ikitembea kutoka pembe hii hadi ile. Wateja waliokuja kupiga fotokopi walisimama kuitazama, nami nikairudisha mwanzo ili waione tena.

Shangazi alichukua wiki nzima. Alisoma vile vivuli huku ameweka rula chini ya mstari, akiishusha kila alipouelewa. Pembeni aliandika maelezo kwa penseli. Alivaa sweta mbili, maana ilikuwa Julai na upepo wa Ufipa ulikuwa ukiingia chini ya mlango. Siku moja ukurasa wake wote ulitokea kwa herufi nene, kuanzia katikati hadi mwisho. Nilidhani atakata tamaa. Yeye alianza kuusoma kutoka mwisho kurudi mwanzo, alama moja moja, akinong'ona kwa Kifipa, kama alivyokuwa akikagua stensili zamani kabla haijapelekwa kurudufiwa. Aliikuta: alama moja ilifunguliwa, haikufungwa. Akaifunga, ukurasa ukakaa sawa. Alipiga kofi moja dogo, akaendelea.

Kisha akaniomba nimwonyeshe ukurasa wangu kwa ndani, yaani yale maandishi yaliyoutengeneza. Nilimfungulia. Yalishuka na kushuka, mistari mingi ambayo hata mimi sikuwahi kuiona.

"Nani ameandika yote haya?"

"Programu, Shangazi."

"Ikikosea, nani atasahihisha?"

Nilisema programu haikosei.

Jumamosi tulikwenda kwenye intaneti kafe iliyokuwa jirani na stendi, kurasa zote mbili zikiwa kwenye diski moja. Kompyuta tano pale zilitegemea laini moja ya simu. Mwenye kafe alitusaidia kuzipandisha mtandaoni, kisha tukazifungua kama mtu wa Mpulungu angezifungua. Ukurasa wangu ulianza kushuka vipande vipande kama pazia linaloshushwa na mtu mchovu. Mwenye kafe alikwenda kununua maandazi, akarudi, boti yangu bado nusu. Ulipokamilika nilitaka kufunika kioo kwa mikono. Kompyuta za pale zilikuwa za zamani kuliko yetu, na safu za ratiba zilikuwa zimehama. Boti ya Kalemie, kule Kongo, ilionekana inaondoka siku ya boti ya Mpulungu.

Wa Shangazi ulifunguka mara moja. Haukuwa na urembo. Herufi nyeusi, jedwali lenye mistari, na namba ya simu kubwa chini. Lakini kila boti ilikuwa kwenye siku yake.

Tuliporudi nilikaa kurekebisha kwa kuburuta. Nikisogeza safu hii, ile inaharibika. Nilifanya hivyo mpaka macho yakaniuma. Shangazi alivuta kiti, akafungua yale maandishi ya ndani, akaweka rula kwenye kioo cha kompyuta. Akaishusha mstari kwa mstari. Kisha akaniuliza, "Kwa nini hapa umeambia safu iwe pana kuliko ukurasa wenyewe?"

Sikuwa nimeambia chochote. Alibadilisha tarakimu moja, na ratiba yangu ikanyooka.

Nakumbuka nilivyomtazama. Nilikuwa nimemwona kama mtu aliyeachwa nyuma, niliyekuja kumvuta. Kumbe miaka yote ile ya kupiga chapa ilikuwa imemfundisha jambo ambalo cheti changu hakikulitaja: kuona kosa lilipo, siyo kujua tu kwamba lipo.

"Nisamehe kwa lile la umri," nilisema. "Nifundishe."

"Lile nilishalisahau," alisema, ingawa nadhani hakuwa amelisahau. Akanipa vivuli vyake. Nilivifungua kwa hamu, nikakuta maelezo yote ya pembeni yameandikwa kwa hatimkato, ile mikunjo ya makatibu muhtasi ambayo sikujua hata mmoja. Alicheka mpaka akakaa chini. Ikabidi anisomee kila ukurasa kwa sauti, nami niandike upya.

Mzee wa Kasanga alikuja na samaki wakavu wa ziwani, migebuka, wamefungwa kwenye gazeti. Aliutazama ukurasa wake, ule aliouandika Shangazi, akalalamika hauna picha ya boti. Shangazi akamwekea moja, ndogo. Kabla ya Krismasi mzee alitutumia salamu kwamba mfanyabiashara wa upande wa Zambia alimpigia simu, na siku ya boti aliijua kabla hajaambiwa.

Ile programu ya kuburuta niliijua vizuri baadaye, na imenipa kazi nyingi. Sina ugomvi nayo. Lakini niliijua baada ya HTML. Vijana wakiniuliza waanze na ipi, huwajibu nilivyofundishwa mimi, na wengi huondoka hawajaridhika.

Mwaka uliofuata walikuja wanawake watatu, wapiga chapa wa zamani waliopunguzwa pamoja naye, mmoja akitokea Matai kwa lori la mahindi. Shangazi aliwaketisha kwenye benchi moja mbele ya ile kompyuta. Hakuwaeleza intaneti ni nini. Alimwambia yule wa Matai aandike jina lake, aweke alama mbele yake na nyuma yake, kisha afungue aone. Jina lilitokea kubwa, limejaa kioo. Yule mama alilitazama, akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena.

"Na jina la baba," alisema, akaanza kuandika bila kutazama vidole.