Nilirudi, Ng'ombe Wakaondoka

Mwaka nilipomaliza masomo ya darasani ya shahada ya uzamili, wafanyabiashara kadhaa wa Sumbawanga walikubaliana kuwapokea wanafunzi wa vyuo vikuu waliotoka mkoani kwetu, wafanye mafunzo kazini kwa kiangazi kizima. Hawakuficha nia yao: tuzionje kazi za nyumbani ili tusiishie Dar es Salaam na Dodoma. Mimi nilipangiwa kiwanda cha kukamua alizeti.

Siku ya kwanza mwenye kiwanda, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimuuliza kila mmoja wetu nyumbani kwake ni wapi. Wa kwanza alisema Mwazye, wa pili Mwimbi. Mimi nikasema bondeni, upande wa Muze.

"Muze ipi?" akadakia yule wa Mwazye. "Wewe si wa wale wenye ng'ombe? Bosi, huyu ng'ombe wao ndio waliomaliza mahindi ya mjomba wangu!"

"Mjomba wako alilima katikati ya njia yao," nikamjibu. "Walidhani wamekaribishwa."

Wote wakacheka, nami nikacheka. Alikuwa mtu mwema na baadaye tulielewana vizuri. Hata hivyo, nilipofika chumbani nilikopanga, nililirudia swali lake mpaka likapoteza utani wake. Wazazi wangu walifika bonde la Ziwa Rukwa na mifugo yao kutoka Shinyanga kabla sijazaliwa. Mimi nilizaliwa bondeni, nikakijua Kifipa kabla ya kusoma Kiswahili cha vitabuni, na bado kwenye mikutano ya kijiji tuliendelea kuitwa wageni. Barua ya mafunzo yale ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote wa mkoa ule kuniambia: rudi.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kurudi, nayo ilikuwa nzito zaidi. Baba alikuwa ameanza kuzungumzia Tunduru. Ukanda wa malisho kati ya kijiji na ziwa ulikuwa umegeuka mashamba ya mpunga, na kila kiangazi ng'ombe walizidi kukonda. Kaka zangu walikwisha kwenda huko kusini kuangalia ardhi. Baba alisema watahama kabla ya mvua, isipokuwa litokee jambo. Nilikwenda kiwandani nikiwa nimeazimia kulileta jambo hilo.

Nililiona wiki ile ile. Mashudu, yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa, yalirundikwa ghalani yakisubiri malori ya wanunuzi wa mbali, na wakati huo huo malori ya mpunga yalishuka bondeni matupu. Niliandika mpango: magunia yashuke kwa malori hayo, wafugaji wapunguze idadi ya ng'ombe, waliobaki walishwe vizuri, kiangazi kipite bila mtu kuhama. Niliupitia mara nyingi nikitafuta kasoro, kama ilivyo desturi yangu. Mwenye kiwanda aliusoma akiwa amesimama mlangoni, kanga mabegani kwa sababu ya upepo wa Julai.

"Binti, hii ni biashara kamili," alisema. "Ukimaliza mafunzo haya, kaa uisimamie mwenyewe."

Nilishuka bondeni na magunia ya kwanza. Baba alikuwa zizini. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku akiyatazama magunia. Alichota mashudu, akayanusa, akamnyooshea fahali wake mwekundu. Fahali akala, akalamba hata kiganja.

"Amependa," nikasema.

"Hata mimi ukinipa sukari nitakula."

"Mwache mtoto amalize maneno yake," mama alisema kutoka jikoni.

Nikamaliza. Nilimweleza hesabu zote, pamoja na idadi ya ng'ombe ambayo angebaki nayo.

"Hao ni ng'ombe wa mwalimu mstaafu," alisema. "Haya, tuseme nimekubali. Watakunywa wapi?"

Njia ya kwenda majini ilipita palepale kwenye mpunga, na kijiji kilikuwa kimeifunga. Nilijua kwamba imefungwa. Katika mpango wangu wote niliandika kuhusu kinachoingia mdomoni mwa ng'ombe, nikasahau kwamba ng'ombe hutembea.

"Kazi wamekupa?" akauliza baba.

"Wamenipa."

"Basi wewe kaa. Wewe wamekukubali."

Hakusema kwa uchungu. Ningefarijika kama angesema kwa uchungu, kwa maana ningepata cha kubishana nacho. Mpaka leo sijaamua kama maneno yale yalikuwa baraka au kuagana.

Lilibaki suala la mama. Nilimwomba abaki nami mjini walau mwaka mmoja, naye akapanda Sumbawanga kukiona chumba changu. Alikaa kitandani amejitanda blanketi, akatazama dirisha, jiko la gesi, ndoo ya maji.

"Maziwa unapata wapi?"

"Dukani, mama. Ya pakiti."

Alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akashika mkono wangu, akasema baba hajui hata chumvi inakaa wapi, na kwamba mimi najua. Kesho yake asubuhi nilimsindikiza stendi.

Waliondoka kabla ya mvua. Ng'ombe walipakiwa kwenye malori, fahali mwekundu akigoma mpaka baba alipopanda mbele yake na kumwita. Mama alikaa kando ya dereva, masufuria yakiwa mapajani mwake. Aliniambia nisikae juani. Nilikaa juani mpaka vumbi lilipotulia, kisha nikapanda gari la kurudi mjini, kwa sababu siku ya pili yake nilikuwa na kazi.

Kazi yenyewe inakwenda vizuri. Wafugaji wachache waliobaki, wale wenye visima vyao, wananunua mashudu, na mwenye kiwanda ananitaja kwa wageni kama mfano wa kijana aliyerudi nyumbani. Ninapotajwa hivyo huinamisha kichwa. Wengi hudhani ni adabu.

Mvua zilipoanza nilishuka Muze kikazi. Mzee mmoja wa Kifipa, jirani yetu wa tangu utotoni mwangu, alinifuata barabarani akiwa na jembe begani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekutafuta. Lile zizi lenu lina samadi ya miaka mingi, na mvua ndiyo hii. Naomba nilime. Mwenyekiti kasema nikuulize wewe, maana kwenu umebaki wewe."

Nilipaswa kumpigia baba simu. Nilishika simu, kisha nikaona kwamba angenijibu niamue mwenyewe, nami sikutaka kuyasikia maneno hayo.

"Lima, babu," nikasema.

"Lango lilikuwa upande gani? Pale patakuwa pagumu, pamekanyagwa sana. Sitaki kuvunja jembe."

Nikaenda naye. Nilisimama mahali lilipokuwa lango, nikamwonyesha kwa mguu mwanzo wake na mwisho wake, naye akaanza kulima kutoka upande wa pili.