Mbwa kwa Mizani ya Karanga

Mzungu mmoja wa reli, alipohamishwa, aliniachia mbwa wake kwa masharti ya mdomo: ale nyama mbichi, mifupa na maini, kila siku sehemu moja katika arobaini ya uzito wake. Ugali haujui. Hesabu hiyo niliitambua papo hapo, maana ndiyo ya zaka yetu Waislamu. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Miaka yote unawakwepa maskini. Leo umempata wa kumpa zaka!"

Nilimhitaji yule mbwa. Nilikuwa nikinunua ngozi za mbuzi na kuzianika nyumbani, nje ya mji, upande wa Kizota, wakati huo pori tupu, na fisi hana habari ya kupatana bei. Yeye huchukua tu.

Jirani yangu, mzee wa Kigogo mwenye mbuzi wengi, hakupendezwa. Kwao mbwa hula makombo ya ugali.

"Mwanangu, mbwa anayeonja damu leo, kesho ataitafuta mwenyewe. Mbuzi wangu wakianza kuzaa, nikimwona amesogea, mkuki ninao."

"Akishiba hatasogea, mzee."

"Haya. Mshibishe."

Basi uhai wa mbwa ukawa ndani ya shibe, na shibe inataka mizani. Mwenye mizani alikuwa Baniani wa duka la karanga na nta. Nilimtia mbwa katika gunia, kichwa nje, tukamtundika kwenye ndoana, akaning'inia akitutazama kama mteja aliyepunjwa. Ratili sitini. Nikaomba apimwe tena. Sitini. Ndipo nikatoa nyama.

"Hapana!" Baniani akarudi nyuma; dini yake na nyama mbali mbali. "Mbwa sawa. Nyama haipandi mizani hii."

"Seti, tajiri wangu, mbwa mwenyewe si nyama?"

"Huyo anapumua."

Tukapatana anipimie karanga zilizobanguliwa, ratili moja na nusu, kiasi cha mlo wa siku. Nyumbani nikafunga ufito kamba katikati, nikautundika barazani: mfuko wa karanga huku, nyama huku. Ufito ukilala sawa, mbwa anakula.

Mwanzoni alinawiri. Kisha mbavu zikaanza kuhesabika. Nilipima mara mbili kila asubuhi, ufito ulilala sawasawa, na bado akimaliza kula alikaa akiwakodolea macho mbuzi wanaopita. Mzee naye aliona. Kila jioni alikuja barazani, akaketi kando ya ufito, akanisikitikia kwa moyo kabisa.

"Ana njaa huyu. Mtoe, mwanangu, umpeleke mbali. Sipendi kuua mnyama wa mtu."

Na mbuzi wake walikuwa wamekaribia kuzaa.

Jioni moja mke wangu alisimama mlangoni akaniita kwa macho. Nikatazama anakotazama. Mzee alikuwa akiilalamikia njaa ya mbwa, na mkono wake, kwa mazoea tu, ukiingia katika mfuko wa karanga na kwenda kinywani. Niliushika mfuko. Ulikuwa mwepesi kama ahadi ya dalali.

"Mzee, unakula mizani!"

"Nakula karanga."

"Ndiyo mizani yenyewe! Ukitafuna wewe, nyama ya mbwa inapungua."

Akaacha kutafuna. Akamtazama mbwa, akatazama kiganja chake, akazirudisha mfukoni zilizosalia. Sikuweza kucheka. Njaa aliyokuwa akija kuilaumu kila siku ilikuwa mdomoni mwake.

Kesho yake Baniani alinipimia mawe badala ya karanga. Mara mbili. Mbwa akarudisha mwili, taratibu.

Mbuzi wa kwanza alizaa asubuhi, karibu kabisa na ua wangu, mbwa ametoka kula. Mzee alisimama na mkuki. Mbwa akainua pua, akainusa ile damu, akapiga miayo, akajilaza, kidevu juu ya miguu.

Mzee akauegemeza mkuki kwenye ukuta wangu.

"Ameshiba," alisema. Akakohoa kidogo. "Na karanga, mwanangu, ndiyo hamna tena?"

Mke wangu akamletea bakuli. Hizo hatukuzipima.