Kiti cha Turubai cha Karani Athanas

Baba yangu, Karani Athanas wa baraza la Nyarero, alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kwenda likizo. Kabla yake watu wa kwetu walikwenda msibani, walikwenda kufuata nyayo za ng'ombe walioibwa, wengine walikwenda hadi Burma kupigana vita ya Waingereza, lakini likizo hakuna aliyekwenda. Alijifunza jambo hilo kwa Bwana Shauri mmoja wa Tarime, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, ambaye kila baada ya miaka michache alipakia mke, watoto na mbwa, akaenda kwao Ulaya miezi sita, akarudi amenenepa. Alipohamishwa moja kwa moja, alimwachia baba kiti chake cha turubai, kile cha kukunja chenye mikono ya mbao. Nadhani ugonjwa ulianza siku ile.

Mwaka 1956 baba alipewa siku sitini za kupumzika. Mtu mwingine angeezeka upya paa la jiko, maana lilikuwa linavuja juu ya mafiga na mama alikuwa amelisema hilo mvua mbili mfululizo. Baba alituita sote uani, akakohoa, akatangaza kwamba tunakwenda ng'ambo.

Ng'ambo yenyewe ilikuwa Kenya, kwa dada yake Wegesa, upande wa Kehancha. Wanawake wa kijijini kwetu walikuwa wakienda huko asubuhi na ndizi kichwani, na jioni wako kwao wanapika ugali. Baba alikataa katakata kupita njia ya ndizi. Tulipanda lori hadi Tarime, tukalala kwa rafiki yake, tukangoja lori jingine hadi Sirari, tukavuka mpaka kwa miguu: baba mbele na kofia yake, kaka Joram na mimi, Agustina, katikati na mabunda, mama Bernadetha nyuma na mtoto mgongoni, mwingine mkononi, na kiti kichwani. Tulifika kwa shangazi siku ya tatu, tumechoka kiasi cha kumridhisha baba.

Kumbe asubuhi isiyo na ukungu, ukisimama kwenye ua wa shangazi, uliona milima ya kwetu.

"Tata, kule si Nyarero?" Joram alimuuliza baba siku ya kwanza, akinyoosha kidole.

"Shusha mkono," baba akasema. "Mtu akiwa likizo haangalii kwao."

Tulikuta wimbi limeiva. Siku ya pili mama aliomba kisu, akaingia shambani na wenyeji, na hakutoka humo mpaka likizo inakwisha. Alivuna, akapura, akapepeta, akabeba kuni, akakandika ukuta wa ghala. Joram alipewa ndama wa kuchunga. Mimi nilichota maji na kuchambua maharage. Baba alikunjua kiti chake chini ya upenu, akanyoosha miguu, akapumzika kwa niaba yetu sote. Watu wakipita na mizigo kichwani aliwapungia mkono kama alivyoona Bwana Shauri akifanya, na walimwitikia kwa adabu, kisha wakicheka walikuwa wameshafika mbali.

Zilikuwa zimebaki siku nne turudi nyumbani nilipogundua kwamba kuna jambo.

Lazima niseme kwanza habari za shangazi Wegesa. Alikuwa amezika watoto wawili wachanga, na baada ya hapo tumbo lilinyamaza. Wake wenza walikuwa na watoto wa kujaza ua, yeye alikuwa na nyumba safi sana. Siku zote zile nililala kwake. Alininyoa nywele, alinifundisha kusaga wimbi bila kujisaga vidole, na usiku alinifunika hata kama nilikuwa nimejifunika. Nilimpenda, sitasema uongo. Lakini nilikuwa na miaka tisa na nilitaka kurudi kwetu, kwenye shule yangu na kwa mama yangu. Nilikuwa nikihesabu siku kwa kokoto.

Sasa, wiki ya pili ya likizo, kwenye chungu cha pombe, baba alikuwa amesema neno. Wazee walikuwa wamezunguka chungu kwa mirija yao mirefu, na baba, ambaye mrija wake haukumfikia vizuri kwa sababu alikataa kushuka kwenye kiti, alikuwa anaeleza jinsi mambo yake yalivyo mazuri Tanganyika. Akafika mahali akapiga mkono wa kiti. "Dada! Chochote changu utakachokipenda, wewe sema tu. Mimi si mtu wa kunyima." Wazee wakaguna kwa kuridhika, mirija midomoni. Shangazi alikuwa anaongeza maji ya moto kwenye chungu.

Basi zile siku za mwisho shangazi akaanza kuja pale chini ya upenu. Anasimama, anaangalia, anaondoka. Siku moja alikuja akashika turubai la kiti kwa vidole viwili. Mimi nilikuwa nimekaa chini, nimeegemea mguu wa kiti hicho hicho, na ungo wa maharage mapajani.

Baba alishikwa na hofu kubwa.

"Anakitaka," alimnong'oneza mama jioni hiyo.

"Anataka nini?"

"Kiti, mwanamke! Hukumwona?"

Kuanzia hapo kazi ya baba ilikuwa kukitukana kiti chake. Alimwambia shangazi kwamba kinabana vidole, turubai limeoza upande wa chini, na kinaleta maumivu ya kiuno ambayo hata daktari hayajui. Kisha alikikalia muda mrefu kuliko zamani. Usiku alikiingiza ndani, akalala mkono mmoja ameushika mguu wake.

Siku ya kutuaga shangazi alichinja mbuzi. Wazee walikuja, mumewe Mzee Simoni akakaa nao, chungu kikawekwa katikati. Baada ya kula, shangazi akasimama mbele yao, nguo yake mpya ameifunga vizuri.

"Athanas, mdogo wangu," akasema. "Umekaa kwangu miezi miwili, na sikuchoka kukuona. Lakini tusisahau tulikotoka. Ng'ombe zilizoletwa kunioa mimi ndizo zilizokwenda kumleta Bernadetha. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, dada." Ndivyo ilivyokuwa kwetu: mahari ya dada humwoza kaka, na mke wa kaka hulijua deni hilo maisha yake yote.

"Mimi Mungu hakuniachia mtoto. Nyumba ya Bernadetha, niliyoijenga kwa ng'ombe zangu, ina wanne. Na wewe ulisema mbele ya wazee hawa, chochote chako nitakachokipenda, niseme."

Nilimwona baba akiikamata mikono ya kiti.

"Nimempenda Agustina," shangazi akasema. "Niachie yeye."

Na baba yangu akashusha pumzi. Nawaambia ninachokijua, nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwake. Vidole vilifunguka kimoja kimoja, mabega yakalegea, akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Aa! Mtoto? Mchukue, dada."

Wazee wakaguna kusifu. Mimi nilitazama huku na huku, nikitafuta mtu atakayesema kwamba ni utani. Katika kokoto zangu ilikuwa imebaki moja tu, iko kiganjani.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Haikuwa kawaida mwanamke aliyeolewa kuingia kwenye mazungumzo ya wazee namna ile, na Mzee Simoni akaondoa mrija mdomoni ili aone vizuri.

"Dada," mama akasema, kwa heshima kabisa, "ni kweli mimi ni wa ng'ombe zako."

"Ndiyo."

"Basi kama kuna mtu wa kubaki, ni mimi. Ng'ombe zako hazikumleta Agustina, zilinileta mimi. Nitabaki hapa, nitakulimia, nitakusagia. Huyu kaka yako aende nyumbani na watoto wake wanne. Wimbi liko ghalani. Jiwe la kusagia liko kushoto ukiingia, kama hajawahi kuliona. Paa linavuja juu ya mafiga, asishangae."

"Bernadetha!" baba akasema.

"Mimi niko tayari, sina hata cha kufunga."

Mzee mmoja akapaliwa na pombe kwa kicheko, ikabidi apigwe mgongo. Lakini shangazi hakucheka. Jambo alilolisema mama lilikuwa la haki kwa mila ile ile aliyoianzisha yeye, na alilijua. Alinigeukia.

"Wewe mwenyewe, Agustina. Unataka nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo maisha yangu yote. Nililia kabla sijajibu. "Nataka kwenda nyumbani na mama, shangazi."

Alikaza nguo yake kiunoni, ingawa haikuwa imelegea. Uso wake siku ile bado ninao. Mtoto mmoja alikuwa amebaki kidogo tu ampate, na huyo naye anaondoka kwa miguu yake mwenyewe.

"Haya," akasema. "Nenda na mama yako. Lakini neno la mwanamume limesemwa mbele ya wazee, haliwezi kumezwa hivi hivi. Athanas, nitachukua kiti."

Hapo ndipo baba aliposimama. Alisema kiti ni mali ya Serikali. Alipoulizwa karatasi, alisema ni ukumbusho. Alitoa mbuzi badala yake, akaongeza mwingine, akafika kwenye mtamba mwekundu ambaye mama alikuwa amemlea tangu ndama. Alieleza kiuno chake. Alimwita dada yake kwa jina la utotoni. Mwisho sauti ikamkatika, na mbele ya wazee, mke wake na watoto wake, Karani wa baraza la Nyarero akatoa machozi, machozi kabisa, akayafuta kwa kofia. Mimi nilikuwa nimemgharimu maneno mawili.

Kesho yake tulirudi kwa njia ya ndizi. Hakuna aliyemuuliza baba kwa nini. Tulifika jua bado liko juu, na mama akawasha moto chini ya paa lile lile. Baada ya wiki baba alikuwa anawasimulia watu wa baraza habari za ng'ambo, hali ya hewa yake na ukarimu wa wenyeji. Kiti alisema kiliibwa na watu wa huko.

Miaka ilipita. Nilipozaa mtoto wangu wa kwanza, msichana, nilimbeba nikavuka mpaka nikampeleka kwa shangazi Wegesa. Alikuwa amezeeka. Alimpokea mtoto mlangoni na hakumshusha mpaka jioni. Kile kiti kilikuwa pembeni ya ukuta, kimekunjuliwa, na kuku ameatamia juu yake mayai kumi.

"Hukikalii, shangazi?"

"Nikikalie nifanye nini juu yake?" akasema, akaendelea kumbembeleza mtoto.

Niliporudi Nyarero, baba alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, macho yake yameanza kuwa hafifu. Nilimwambia nimetoka kwa dada yake. Nilikuwa na mjukuu wake mgongoni, hakuwa amemwona bado. Akainua uso, akaniuliza kama turubai bado ni zima.

Nikamwambia ni zima.